Mpishi wa Petroli

ALHAMISI, ALASIRI

Chumba cha nyuma cha kituo cha mafuta kilinuka petroli, jasho, na mifupa ya kuku ya juzi iliyoachwa kwenye karatasi juu ya pipa. Inzi walitua, wakaonja, wakaondoka. Hata wao walikuwa na kiasi.

Tajiri hakuwa na kiasi. Alikaa kwenye kiti pekee chenye mgongo, anachokonoa meno kwa njiti ya kiberiti. Kila alichokitoa alikitazama kwanza, kisha akakirudisha mdomoni.

"Sema," akamwambia Shemeji.

Shemeji alikuwa kaka wa mke wa Tajiri. Mtaa mzima ulimwita Shemeji, hata watu ambao asingewapa dada yake waoe kwa bunduki. Alikuwa mwembamba, msafi, viatu vinang'aa. Akasimama katikati ya chumba kama mwalimu.

"Hakimu alimtia hatiani mzee wetu hapa kwa makosa mawili. La kwanza, petroli iliyochanganywa. La pili, kuuza mafuta ya taa bila leseni, hilo tulilipa faini. Tukakata rufaa. Mzee yuko nje kwa dhamana. Tuko pamoja?"

"Tuko pamoja," akasema Bubu, dereva. Aliitwa Bubu kwa sababu hajawahi kunyamaza tangu azaliwe.

"Wakaguzi walipokuja walijaza chupa tatu kutoka kwenye pampu yetu. Moja ikaenda maabara. Moja wakampa mzee. Ya tatu ikapigwa muhuri wa lakiri, ikawekwa stoo ya vielelezo mahakamani. Sasa jaji wa rufaa anataka hiyo ya tatu ipimwe upya. Jumatatu."

"Na ikipimwa?"

"Ikiwa chafu, mzee anarudi ndani. Ikiwa safi, maabara ilikosea, hakimu alikosea, mzee anatoka na leseni yake anarudishiwa. Kwa hiyo itakuwa safi. Kesho tunaingia, tunaweka yetu, tunatoka na yao."

Mpishi alikuwa amechuchumaa mlangoni, anasikiliza. Mikono yake ilikuwa imebabuka mpaka kwenye viwiko, nyeupe hapa, nyekundu pale, kama viazi vilivyomenywa na mtu mwenye haraka. Yeye ndiye aliyepika. Alichukua mafuta ya taa, ambayo serikali huyatia rangi ili wezi waonekane, akayachuja kwenye mkaa uliosagwa mpaka rangi ikaisha. Kisha akayatia kwenye petroli. Alijiambia kwamba anaiumiza injini tu. Injini haina mama.

"Mimi wa nini?" akauliza. "Kubadilisha chupa hata mtoto anaweza."

"Karani wa stoo anasema chupa ziko nyingi," akajibu Shemeji. "Mvuke wa petroli umekula wino. Karatasi zote nyeupe. Hajui ipi ni ipi, wala mimi sijui. Wewe utaijua."

Ni kweli. Mpishi hupotea njia ya kwake akilewa, lakini hawezi kupotea kwenye mafuta aliyopika mwenyewe.

"Kitendawili," akasema Shemeji. Alipenda kuwachezea hivyo, hasa wakiwa na hofu.

"Tega," akadakia Bubu.

"Hana miguu. Ukimwachia mlango wazi, hayupo."

"Mke wangu wa kwanza!"

"Yule alikuwa na miguu. Na akili."

"Haya, nakupa mji."

"Petroli, bwana wee. Ukiacha chupa wazi, inaondoka. Kwa hiyo kesho kila mtu na kizibo chake. Na mdomo wake."

Tajiri akacheka mpaka njiti ikamtoka. Akainama, akaiokota sakafuni, akaendelea na meno.

"Mpishi, mdogo wangu," akasema. "Mgonjwa wetu anaendeleaje?"

Mpishi akatazama chini. Dada yake alikuwa wodi ya walioungua. Dada huyo ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Jiko la mafuta ya taa lilimlipukia akipika uji. Uso upande mmoja, shingo, kifua. Daktari alisema bila kuhamishiwa ngozi, shingo itajikunja na kichwa hakitageuka tena. Na Tajiri ndiye aliyekuwa akilipa. Kitanda, dawa, na ngozi yenyewe wiki ijayo.

"Anavumilia, bosi."

"Dada yako ni dada yangu. Kesho nyinyi mkiwa kazini, mimi nitakuwa kando ya kitanda chake na machungwa. Watu wanione. Nikifungwa mimi, nani atamlipia?"

Alisema kwa upole. Upole wake ulikuwa kama kushikwa shingo na mkono wenye mafuta.

"Na yule mwenye duka?" Mpishi akauliza. Yule aliyemuuzia dada yake mafuta ya taa alikuwa rumande. Mpishi alimtemea mate siku alipopandishwa kwenye gari la polisi. Mbele ya watoto wake.

"Aozee humo," akasema Shemeji haraka. "Kuchanganya petroli kwenye mafuta ya taa! Ni mnyama yule."

"Mnyama," akarudia Tajiri, na kuchokonoa.

IJUMAA, SAA NNE KASOROBO

Mahakama ilikuwa inamuaga msajili anayestaafu. Watumishi wote walikuwa ukumbini, soda na keki na hotuba ndefu. Sauti ya mtu anayesifu kwa uongo ilisikika mpaka uani.

Bubu aliegesha gari kwenye uchochoro wa nyuma. Lilikohoa mara tatu kabla ya kuzimika, kama lilivyokohoa kila siku kwa kunywa mafuta ya bosi wake.

"Mshale uko chini kabisa," akanung'unika. "Nikasema tutie, mkasema baadaye. Tukizimikia njiani msiniite mjinga. Niiteni maskini."

"Bubu, nyamaza."

Shemeji na Mpishi wakashuka na ovaroli nyekundu. Walijifanya mafundi wa mitungi ya kuzimia moto. Mafundi hao huja mara moja kwa mwaka, wanatikisa mitungi, wanabandika karatasi, wanaondoka. Hakuna anayewatazama usoni. Shemeji alibeba mtungi mmoja uliokatwa kiunoni na kutiwa bawaba. Ndani yake mlikuwa na sampuli safi.

Mlinzi alikuwa na kipande cha keki mkononi.

"Mmechagua siku!" akawaambia. "Pitieni kule. Mkiwahi mtakuta soda."

"Tutawahi, mzee," akasema Shemeji.

Stoo ilikuwa mwisho wa korido. Kufuli lilining'inia bila kubanwa, kama karani alivyoahidi. Wakaingia, wakarudisha mlango.

Ndani, kila uchafu wa mji ulikuwa na rafu yake. Mapanga yenye kutu ambayo si kutu. Godoro lililoviringishwa na kufungwa kamba. Magunia ya sukari iliyofichwa na wafanyabiashara mpaka bei ipande, sasa imeyeyuka na kuganda sakafuni, imejaa mende waliozama na kufia utamuni. Viatu viliwanata. Mpishi akafunika pua kwa mkono, lakini mkono wenyewe ulinuka kazi yake.

Shemeji akafungua mtungi. Akatoa chupa ya kahawia yenye karatasi tupu shingoni, akaiweka mezani. Kisha akatoa nyingine.

Mpishi akazitazama.

"Ulisema moja."

"Kazi imeongezeka kidogo."

"Hiyo ya pili ni ya nini?"

"Mafuta ya taa. Masafi, yana rangi yake. Kuna chupa ya mafuta ya taa humu, nayo tunaibadilisha. Usinipotezee muda, hotuba itaisha."

SAA NNE

Rafu ya chupa ilikuwa karibu na dirisha. Zote aina moja, zote na karatasi tupu shingoni. Mpishi akashika ya kwanza, akakwangua lakiri kwa kisu, akachomoa kizibo. Tone moja juu ya mkono. Akapuliza. Likapoa, likakauka, likaacha ngozi kama vumbi. Petroli, lakini si ya kwake. Akairudisha. Ya pili, dizeli.

Ya tatu ilipoa, ikakauka nusu. Nusu ikabaki inateleza. Na ile harufu nyuma yake, kama mkaa uliomwagiwa maji.

"Hii hapa," akasema. "Ni yangu."

"Safi. Sasa ile nyingine. Nadhani ipo kule chini, karani alisema imewekwa na jiko."

"Jiko gani?"

Shemeji hakujibu. Alikuwa anatafuta kijiko cha kuyeyushia lakiri.

Mpishi akapiga magoti. Rafu ya chini kulikuwa na jiko la mafuta ya taa, la tambi nyingi, limepasuka ubavu, bati limefunuka kama mdomo. Mguu mmoja haukuwa mguu. Ulikuwa spoku ya baiskeli, imekunjwa mara mbili na kufungwa waya.

Aliikunja yeye spoku ile. Alikaa kwenye kizingiti cha dada yake, dada akimcheka kwamba fundi anayefanya kazi bure hafokewi.

Kando ya jiko, chupa kama zile nyingine, ila haijajaa. Akaifungua. Kioevu hakikuwa na rangi. Tone mkononi. Mafuta ya taa hayapozi ngozi. Haya yalipoza. Akanusa. Mkaa. Mkaa wake, alioutwanga mwenyewe, kwa kinu chake.

Akakumbuka pishi lile. Liliharibika. Alikosea kipimo, likawa si petroli wala si mafuta ya taa, na wakaguzi walikuwa wanazunguka mji. Alimwambia Shemeji, hili halifai hata kuoshea vyuma, limwage shimoni.

"Ulisema ulimwaga," akasema.

"Nini?"

"Pishi lile lililoharibika. Ulisema ulimwaga."

Shemeji akapangusa kijiko kwa leso, taratibu. "Nilimwaga. Kwenye madebe. Wenye maduka wakanunua."

"Watu wanapikia."

"Watu wanapikia mambo mengi. Pishi zima lile, Mpishi. Ungelimwaga wewe?"

"Dada yangu..."

"Nani alijua kuwa dada yako atanunua? Mji huu una wanawake wangapi?" Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeeleza mvua. "Na mzee hakumtupa. Analipa. Unadhani analipa kwa nini? Yule mwenye duka anapiga kelele rumande kwamba alinunua kwetu. Mzee yuko wodini sasa hivi anamwelekeza dada yako aseme alijaza jiko likiwa linawaka. Kosa lake mwenyewe. Akisema hivyo, na chupa hii ikiwa safi, yameisha. Yeye anapata shingo, sisi tunapata leseni. Nani ameumia?"

Mpishi akaitazama ile midomo ikisema. Hakujua harufu ile ni ya stoo, au ya Shemeji, au yake mwenyewe. Dada yake alikuwa ameshamwambia, kwa mdomo wa upande mmoja, kwamba jiko lilikuwa baridi. Nililijaza likiwa baridi, mdogo wangu. Naye alimjibu, labda umesahau.

Akasimama, chupa mkononi.

"Nikifanya, ngozi wiki ijayo?"

"Wiki ijayo."

"Basi lete lakiri." Shemeji alipotoa kiberiti, Mpishi akamshika mkono. "Una wazimu? Chupa ziko wazi. Ukiwasha hapa tutatokea kwenye dari. Kayeyushie mwisho wa korido, dirishani."

Shemeji akacheka kidogo, kicheko cha kumstahi fundi. Akatoka na mshumaa wake na kijiko chake.

Chupa nne zilikuwa mezani. Mbili safi, mbili chafu. Mpishi akamimina mafuta safi ya taa kidogo sakafuni, penye sukari, mpaka yakalingana na yale machafu. Yalikuwa na rangi, lakini kwa mwanga wa stoo ile na vioo vile vya kahawia, jicho lisingeambulia kitu. Akapangusa mabaki ya lakiri shingoni, akaweka vizibo. Akasimamisha mbili kulia, mbili kushoto.

Shemeji akarudi anapuliza vidole.

"Zipi zinabaki?"

"Hizi."

Shemeji akamwagia lakiri ya moto, akagandamiza muhuri wa bandia. Alikuwa na mkono mzuri. Tai wa muhuri akatokea na manyoya yake yote, kwenye ya kwanza, kisha kwenye ya pili, kisha kwenye zile mbili zilizofunguliwa bure. Akarudi nyuma kuitazama kazi yake.

"Hata jaji mwenyewe angeapa," akasema.

Alikuwa amezipigia lakiri chupa zilezile chafu za mwanzo.

SAA NNE NA NUSU

Uchochoroni, Shemeji akaibakiza ile ya mafuta ya taa mtungini, akamkabidhi Bubu chupa ya petroli.

"Mwaga mtaroni. Yote. Nampigia mzee simu."

Akaenda pembeni na simu sikioni. Bubu akautazama mtaro. Akaitazama chupa. Akautazama mshale wa mafuta kupitia dirishani. Mtu aliyefanya kazi kwa Tajiri miaka yote ile hamwagi kitu kinachowaka. Akafungua tangi, akamimina, akatikisa mpaka tone la mwisho, akaitupa chupa tupu majini.

Mpishi aliona. Akaingia kiti cha nyuma. Angesema nini?

Wakaondoka. Ukumbini watu walikuwa wanapiga makofi.

"Mzee anasema dada amekaa kimya tu," Shemeji akasema akiwa kiti cha nyuma, kando ya Mpishi. "Tunakwenda kumchukua mzee. Labda wewe ukamwambie neno. Wewe ni damu yake."

"Nitamwambia."

Gari likashika kilima cha kwenda hospitali. Kilima kile lilikuwa likikipanda kwa matusi. Leo halikukohoa. Injini ilivuma sauti moja, laini, kama mtu anayeimba akifua.

"Ee!" Bubu akapiga usukani. "Mnasikia? Gari leo lina nini? Linapanda kama limeambiwa huko juu kuna ubwabwa! Miaka mitatu sijawahi..."

"Ulitia mafuta?" Shemeji akauliza.

"Kwa pesa ipi? Si ile chupa yako. Niliona uchungu kuimwaga, jamani, msinikasirikie, uchafu ni uchafu lakini..."

Akaishiwa maneno mwenyewe, kwa mara ya kwanza.

Shemeji akageuza kichwa, taratibu. Akamtazama Mpishi. Uso ule msafi ukabadilika kama maziwa yanavyokatika.

"Umefanya nini?"

Mpishi akauvuta mtungi karibu na mguu.

"Mbwa wewe. Bubu, geuza! Rudi mahakamani!"

Bisibisi ya ufundi ilikuwa mfukoni mwa ovaroli ya Shemeji. Ilimwingia Mpishi chini ya mbavu kabla hajaiona. Haikuuma mwanzoni, ilikuwa baridi tu. Akaushika mtungi uliokatwa, akaushusha juu ya kifundo cha mkono wa Shemeji. Mfupa ukalia. Shemeji akapiga ukelele mwembamba, wa mtu ambaye hajawahi kuumia mwenyewe.

Bubu alikuwa amesimamisha gari katikati ya barabara. Honi zikaanza nyuma yao.

"Kuna nini? Mnauana ndani ya gari langu?"

"Walimuunguza dada yangu," Mpishi akasema. Alikuwa anahema. "Pishi letu. Waliliuza kama mafuta ya taa."

"Nani? Nyinyi?"

"Sisi."

"Na mimi niliyabeba?" Bubu akamgeukia Shemeji. "Yale madebe ya Jumamosi ile? Uliniambia ya kuoshea vyuma!"

"Endesha gari, mpumbavu!"

Bubu akafungua mlango, akashuka. Akatembea chini ya kilima kwa miguu, katikati ya magari, bila kugeuka, huku anajipangusa mikono kwenye suruali, tena na tena.

Shemeji akaruka mbele, akashika usukani kwa mkono mmoja. Mpishi akajiviringisha nje, akaangukia bega. Gari likageuka kwa kishindo na kurudi kulikotoka. Shemeji alichelewa. Karani alikuwa ameshabana kufuli, yuko ukumbini na kipande chake cha keki, na funguo zilikuwa mfukoni mwa msajili, anapigwa picha. Mlinzi aliyemwona fundi yuleyule anarudi bila mtungi, mkono umening'inia, anabishana na mlango wa vielelezo, hakuhitaji kuwa na akili nyingi ili amkamate.

SAA TANO

Hospitali ilikuwa hapo juu tu. Mpishi aliingia akiwa ameziba ubavu kwa kiganja. Ovaroli ilikuwa nyekundu, damu haikuonekana. Mlangoni mwa wodi askari alikuwa amekaa kwenye benchi, analinda mgonjwa aliyefungwa pingu kitandani. Alikuwa anasinzia.

Tajiri alikuwa ameketi kando ya kitanda cha dada, magoti yamegusa shuka. Anamenya chungwa. Maji yake yalimtiririka mpaka kwenye kiwiko na kudondokea bandeji, naye hakuona. Au aliona.

"...neno moja tu, dada yangu," alikuwa akisema. "Jiko lilikuwa linawaka. Neno moja, na shingo yako..." Akamwona Mpishi. "Aa! Huyu hapa kaka mtu. Mwambie. Mwambie aseme."

Jicho la dada, lile zima, likamgeukia. Kichwa hakikugeuka.

Mpishi akapiga magoti upande wa pili, akaweka mkono juu ya mkono wa dada. Harufu ya dawa na ngozi iliyoungua ikamjaa.

"Usiseme hivyo," akasema. "Jiko lilikuwa baridi. Uliniambia, nikakukatalia. Mafuta yalikuwa na petroli. Yametoka kwake."

"Unaumwa," Tajiri akasema kwa upole uleule. "Nani atamlipia, Mpishi? Fikiri kidogo. Wewe?"



Dada akavuta pumzi. Maneno yake yalitoka upande mmoja, polepole, kila moja likivutwa.

"Nani alichanganya?"

Tajiri akaacha kumenya.

"Mimi," Mpishi akasema. "Niliharibu pishi. Nikaambiwa limemwagwa. Sikwenda kutazama."

"Na yule mwenye duka?"

"Hana kosa."

"Yule uliyemtemea mate?"

"Ndiyo, dada."

Dada akamtazama. Hakulia. Labda jicho lile halikuweza tena. Kisha akautoa mkono wake chini ya mkono wa mdogo wake, kama mtu anayeutoa kwenye kitu kilichooza, akaufuta kwenye shuka.

"Afande," akaita.

Askari akashtuka kwenye benchi. "Mama?"

"Njoo. Nina maneno."

Tajiri akasimama, chungwa mkononi. "Anaweweseka. Ni dawa hizi..."

"Kaa," dada akasema. Na Tajiri, ambaye hakuwahi kuambiwa kaa na mwanamke yeyote, akakaa, kwa sababu askari alikuwa ameshafika na anawatazama wote watatu.

"Jiko lilikuwa baridi," dada akasema. "Huyu mwenye chungwa ndiye aliyeuza yale mafuta. Mwandike."

Akapumzika. Askari akapapasa mfuko, akatafuta kalamu.

"Na huyu?" akauliza, akimwonyesha Mpishi aliyekuwa bado amepiga magoti, damu sasa inatiririka sakafuni.

"Huyu ni mdogo wangu. Nilimlea mimi." Jicho likafumba. "Mwiteni daktari amshone kwanza. Kisha na yeye mwandike."